Njoo Ijumaa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mafungu mawili ya matofali, katikati ya kibanda cha kinyozi na kibanda cha fundi cherehani. Aliyeyapanga matofali aliyasogeza karibu karibu mno, kwa hiyo aliyekaa mwisho wa kulia akiinuka ghafla, wa kushoto anakwenda chini na kikombe chake. Ndiyo ikawekwa sheria, na ndiyo sheria pekee inayoheshimiwa pale: kabla hujasimama unasema "Nainuka," wenzako wanajishika. Saa nane ya mchana ule hakuna aliyekuwa na haja ya kuisema. Joto lilikuwa limekalia mabati, na watu walikuwa na uchovu ule wa wasiofanya kazi, ambao hauponi kwa kulala. Mwisho wa kushoto alikaa Faili, mzee aliyestaafu masjala na ambaye mpaka leo haamini jambo lisilo na namba ya kumbukumbu. Katikati alikaa Wahenga, fundi baiskeli, mwenye methali kwa kila jambo isipokuwa jambo linalozungumzwa. Kinyozi, Wembe, aliegemea mlango wake akingoja kichwa chochote kipite. Birika, muuza kahawa, alikalia ndoo iliyopinduliwa mbele yao, chombo chake miguuni, maneno yake tumboni. Na mwisho wa kulia alikaa mwenye kibanda cha cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Ijumaa.

Hakuzaliwa siku hiyo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu anakwambia njoo Ijumaa. Ukienda Ijumaa anakutazama kwa huruma, utadhani wewe ndiye uliyefiwa, anakwambia umeme ulisumbua wiki nzima, njoo Ijumaa. Watu hufika nyumbani ndipo wakakumbuka kwamba cherehani yake ni ya kukanyaga. Si mwongo, jamani. Nyumbani kwake hadanganyi hata mtoto. Ni ulimi wa kazi tu, umezoea njia ile miaka ishirini na miwili, na ulimi ukishazoea njia hauulizi tena mwenyewe.

Sasa ulimi huohuo ndio uliomponza. Jumatatu ya wiki hiyo alikwenda chuo cha ualimu kuhojiwa. Umri wake ni miaka arobaini na minne, na tangazo lilisema mwisho arobaini na mitano, kwa hiyo mlango ulikuwa umebaki kama upana wa mkono. Cheti cha sekondari alikipata mwaka juzi, kwa kusoma hesabu kitabu kikiwa kimefunguliwa juu ya meza ya cherehani, mguu ukikanyaga, jicho moja kwenye pindo na jingine kwenye swali. Kuna suruali za watu zilishonwa miguu haitoshani kipindi hicho. Alitaka kufundisha hesabu. Alilitaka jambo hilo tangu akiwa na miaka kumi na saba, baba alipokufa akaachiwa wadogo zake watano, na miaka mitano baadaye akakalia cherehani.

Asubuhi ya leo mke wake alimwambia, "Baba watoto, leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Usije ukanikalia kijiweni." Akajibu atakunywa kikombe kimoja tu. Hiki mkononi kilikuwa cha nne. Dirisha la majibu kwenye ofisi ya chuo hufungwa saa tisa na nusu, na kutoka pale mpaka chuoni ni nusu saa kwa miguu.

Faili: Hebu turudi kwenye kumbukumbu. Mezani walikuwa wangapi?

Ijumaa: Watatu, mzee wangu. Nimeshasema mara sita.

Faili: Ya saba ndiyo inayoingia kwenye faili. Endelea.

Ijumaa: Mwenyekiti, ana upara, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Mwingine anaandika tu, hainui kichwa. Wa tatu binti, rika la mwanangu mkubwa. Wakaniuliza kwa nini umri huu. Nikawajibu.

Wembe: Uliwajibu nini?

Ijumaa: Nikasema nimechelewa lakini sikusahau.

Wembe: Jibu zuri hilo, aisee. Ungeishia hapo.

Ijumaa: Ningeishia hapo. Wakasema simama ubaoni, tufundishe chochote, dakika tano. Nimejiandaa, nina somo langu la sehemu. Kushika shingo, kumbe nimekwenda na tepu! Asubuhi niliivaa kwa mazoea. Basi nikaitumia. Nikaikunja mara moja, hii nusu. Nikaikunja tena, hii robo. Tena, thumni. Yule wa kuandika akainua kichwa, Mungu shahidi wangu. Mambo yanakwenda.

Wahenga: Na hapo ndipo wahenga waliposema, mpanda ngazi hushuka.

Ijumaa: Yule binti akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Mwalimu, sijaelewa."

Akanywa funda moja. Hakuwaambia wenzake lililompata hapo, ingawa kila alipofika hapo lilimpata upya. Miaka ishirini na miwili ameitwa fundi, ameitwa Ijumaa, ameitwa we mwizi wa vitambaa. Mwalimu hajawahi. Neno lile lilimwingia kifuani likamwondoa pale ubaoni kabisa, na yeye alipokuwa bado ameduwaa, mdomo ukaenda kazini peke yake.

Wembe: Sema, bwana. Sisi ni ndugu.

Ijumaa: Nikamwambia, "Usijali mama, njoo Ijumaa."

Wembe alijishika mlangoni. Alishaisikia mara sita na bado ilimtoa machozi.

Ijumaa: Cheka tu. Mwenyekiti naye alicheka mpaka miwani ikateremka yenyewe ikakaa machoni. Binti akaficha uso kwenye makaratasi. Mwishoni mwenyekiti akafunga jalada, akasema, "Ahsante, fundi. Majibu wewe njoo Ijumaa."

Faili: Wewe njoo Ijumaa. Na wengine?

Ijumaa: Mama aliyeingia baada yangu aliambiwa atapigiwa simu. Ndiyo maana nawauliza. Alisema kweli au alinirudishia?

Hapo kahawa ikamiminwa, maana swali la namna hiyo halijibiwi kwa koo kavu.

Wembe: Kejeli hiyo. Mimi nikiharibu kichwa cha mtu huwa namwambia umependeza, lakini natazama viatu vyake. Alikutazama wapi?

Ijumaa: Sikumbuki. Mimi nilikuwa natazama chini.

Wembe: Basi kejeli.

Faili: Usimkatishe tamaa mwenzako. Serikalini Ijumaa ni siku ya kweli. Mabosi husaini kila kitu Ijumaa ili wawahi nyumbani. Mimi nimeona mtu kapandishwa cheo Ijumaa saa nane, na hakuwa hata mfanyakazi wetu.

Ijumaa: Kwa hiyo niende?

Faili: Sijasema hivyo. Tatizo ni kwamba hakutaja tarehe. Ijumaa ipi? Mwaka mmoja una hamsini na mbili, kuna miaka hata hamsini na tatu. Ukienda leo na yeye alikusudia ya mwezi wa kumi, utaonekana huna subira. Mwalimu asiye na subira ni nani?

Wahenga: Ni mzazi.

Faili: Wewe nyamaza kwanza.

Wahenga: Sinyamazi, mzee, nina hoja. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sasa mwalimu, wale darasani ni wanawe? Hata mmoja si wake! Kwa hiyo mwalimu wa kweli ni lazima achelewe. Huyu kachelewa miaka ishirini na saba. Akiongeza saa mbili kuna ubaya gani?

Wembe: Hiyo methali umeivalisha kinyume.

Wahenga: Hata shati ukilivaa kinyume linasitiri.

Ijumaa alitabasamu, kisha akachungulia saa ya ukutani ndani kwa kinyozi. Aliiona kwenye kioo, kwa hiyo ilimbidi aigeuze kichwani: saa nane na dakika ishirini na tano. Bado upo muda, alijiambia. Huwa anawaambia hivyo watu wanaofunga ndoa Jumamosi.

Wembe: Lakini mimi nina wasiwasi na huyo mwenye upara. Umesema ana umri gani?

Ijumaa: Hamsini na kitu.

Wembe: Hujawahi kumshonea?

Ijumaa: Nimewashonea wangapi, Wembe! Nitamkumbuka nani?

Wembe: Jaribu. Bwana harusi yeyote uliyemharibia?

Ijumaa: Yupo mmoja, mwaka wa kwanza kabisa nashona. Mguu mmoja wa suruali niliukata mfupi. Alisimama kwenye picha zote goti kalikunja, kama mtu anayetaka kuruka. Lakini yule alikuwa na nywele, tena nyingi.

Wembe: Si ndiyo! Unadhani zilikwenda wapi? Hasira inang'oa nywele, mimi ni kinyozi nakwambia. Ni yeye. Kakungoja miaka ishirini na miwili uingie mwenyewe kwenye mlango wake.

Wahenga: Na yule binti ni zao la harusi hiyohiyo! Umesema rika la mwanao mkubwa? Hesabu zinakubali. Baba kamwambia, mwanangu, nyoosha mkono, sema hujaelewa, uone atakachosema. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Faili: Hayo ni majungu, hayana ushahidi. Mimi nitakuuliza swali moja tu la kiofisi. Chumba hicho cha mahojiano kina madirisha mangapi?

Ijumaa: Sita.

Faili: Makubwa?

Ijumaa: Makubwa, mzee. Jua lilikuwa linanipiga usoni.

Faili: Linakupiga usoni. Yaani hayana mapazia.

Ijumaa: Hayana.

Wote wakatazamana. Hata Birika aliacha kufuta vikombe.

Faili: Basi kazi umepata. Ya kushona mapazia. Walikuita fundi mwishoni, au hawakukuita?

Ijumaa: Waliniita fundi.

Faili: Nimefunga jalada.

Ilikuwa mizaha, na alijua ni mizaha, lakini ile ya fundi ilimchoma. Ni kweli. Binti alimwita mwalimu, mwenyekiti akamrudisha ufundi kwa neno moja. Alikizungusha kikombe mkononi. Aliogopa, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu. Maadamu hajafika kwenye lile dirisha la ofisi, hakuna aliyemkataa. Nadharia za wenzake zilikuwa zinamtuliza moja baada ya nyingine, za kejeli na za mapazia sawasawa, kwa sababu kila moja ilikuwa inampa ruhusa ya kuendelea kukaa. Na mwili wenyewe ulikuwa umechoka. Mtu anasomea mtihani usiku akiwa na miaka arobaini na miwili, anafaulu, anadhani sasa atapumzika, kumbe hiyo ndiyo nauli tu, safari bado.

Wembe: Usisikitike, ndugu yangu. Kwani hapa una shida gani? Una kibanda, una jina.

Wahenga: Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulishakauka, wakikukunja utavunjika bure.

Hakuna aliyecheka. Ile methali ilikuwa imekaribia kupatia, na Wahenga mwenyewe aliona, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Ndipo akaja dada mmoja, mgeni kwa sura, mkoba begani, hatua za mtu mwenye mambo mengine ya kufanya. Alisimama mbele ya kibanda cha cherehani, akachungulia ndani, akageukia benchi.

Dada: Habari za mchana, wazee wangu. Namuulizia fundi.

Wahenga: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Karibu, dada. Umekuja na dawa?

Dada: Dawa gani? Nimefuata sare yangu. Ah, fundi, kumbe upo. Ile ya kitambaa cha kijani, ya zahanati. Naanza kazi Jumatatu.

Ijumaa alimkumbuka. Alihamia mtaa wa nyuma wiki iliyopita, hakuwa amesikia lolote juu ya mtu yeyote. Alikileta kitambaa chake kikiwa kimekunjwa vizuri ndani ya gazeti.

Ijumaa: Karibu sana, dada yangu. Pole na jua. Sasa wiki hii, unajua, umeme…

Dada alitazama ndani ya kibanda. Alilitazama kanyagio la cherehani, akamtazama yeye.

Ijumaa: Yaani namaanisha… Wewe fanya hivi. Njoo I…

Dada: Nije lini?

Wembe aligeuka ukutani mabega yakimtikisika. Faili aliinamia kikombe. Dada aliwatazama mmoja mmoja, hakuona kinachochekesha, na wala hakukasirika. Alikuwa anataka kuelewa tu.

Dada: Uliniambia njoo Ijumaa. Leo Ijumaa, nimekuja. Kwani hapa kwenu Ijumaa maana yake nini?

Wahenga alitafuta methali, mara hii kwa dhati, akakuta ghala tupu. Wembe aliacha kucheka. Birika alimtazama Ijumaa, kama wote walivyokuwa wanamtazama.

Ijumaa: Sijakikata, dada.

Dada: Hujakishona?

Ijumaa: Hata kukikata sijakikata. Kipo pale rafuni, juu kabisa, ndani ya gazeti lako vilevile. Nilikuwa nangoja uje.

Dada: Nije ndipo ukikate?

Ijumaa: Ndivyo tunavyofanya. Vitambaa ni vingi, mkasi ni mmoja. Mtu akija siku niliyomwambia, akasimama hapo mlangoni kama ulivyosimama, cha kwake nakikata siku hiyohiyo. Asiyekuja nakisukuma chini. Kile cha kahawia unakiona, kilichobeba vyote? Kina miaka mitano. Mwenyewe aliambiwa Ijumaa, hakuja. Sijui alidhani namtania.

Alijisikia akiyasema. Aligeuka akakitazama kile kitambaa cha kahawia, kimelaliwa na wenzake mpaka kimeingia mkunjo usiotoka kwa pasi, kitambaa kizuri tu, hakikuwa na kosa lolote. Akaitazama saa kwenye kioo, akaigeuza kichwani. Saa nane na dakika hamsini na tatu.

Ijumaa: Sare yako utaipata Jumapili.

Dada: Jumapili ipi?

Ijumaa: Hii. Keshokutwa. Nitakata leo jioni nikirudi, na nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni.

Dada: Ukirudi kutoka wapi?

Ijumaa alikuwa ameshasimama. Na kwa mara ya kwanza tangu ubao ule ulazwe pale, mtu aliinuka bila kutoa taarifa. Upande wa kulia ukaruka juu, upande wa kushoto ukashuka, Faili akaenda chini taratibu kwa heshima ya mstaafu, mguu wake ukalipiga teke birika, na kahawa yote ya mchana ule ikatambaa mchangani ikitoa mvuke.

Wahenga: Maji yakimwagika…

Akasita. Aliitazama kahawa, akaona methali imeangukia mahali pake sawasawa. Jambo hilo halijawahi kumtokea, na likamtisha asiimalize. Birika aliinua chombo chake, akakipindua, likadondoka tone moja.

Birika: Imekwisha.

Ijumaa alikuwa ameshafika kona, anakwenda mwendo wa mtu anayefuata kitu chake, tepu ikimning'inia shingoni kama Jumatatu ile. Faili alimpigia kelele kutoka chini, kikombe kitupu kikiwa bado mkononi.

Faili: Wewe Ijumaa! Mbona hukusema unainuka?

Ijumaa: Nimeinuka!

Alijibu bila kugeuka.